Chuma cha Paja la Baba

Ninyi mnaofungua glavu mpya kwa kila mgonjwa na kutupa za jana bila hata kuziangalia, msinicheke kwanza. Sisi tulizifua. Tulizianika kwenye kamba nyuma ya bloc, yaani chumba chetu cha upasuaji, vidole vikitazama chini, na upepo wa Butembo ukizijaza zilikuwa zinatupungia mikono. Glavu ikitoboka ilikuwa ya kuoshea sakafu, si ya kutupa. Kazi yangu ilikuwa kuosha, kupanga na kuandaa vyombo vya upasuaji, nikaifanya mpaka magoti yakakataa. Leo mnaniita Mama Kavira kwa heshima, lakini masikio yangu bado mazima. Najua mkiwa peke yenu mnasema, "Yule mama wa kuchunguza vis."

Semeni tu. Vis, yaani skurubu za kufungia mifupa, ndizo zilizonilea. Na mliponiomba niwaandikie maneno machache ya kazi, nilijua nitaandika habari za chuma. Wengine wawaandikie habari za upendo kwa wagonjwa. Upendo mnao, nimeuona. Macho ya kuangalia chuma bado hamna.

Aliyenipa macho hayo ni Papa Mathe, mkubwa wangu wa kazi, mtu mfupi kutoka upande wa Lubero, Mprotestanti wa kuzaliwa, aliyeimba nyimbo za kanisa huku akikausha makasi moja moja. Hakuwa mtu wa kusifu. Nilipoanza kazi nilitaka anisifu, basi nikachukua beseni la makoleo yaliyokuwa yamefifia, nikayaloweka kwenye javel kali, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, halafu nikayakwangua kwa ile waya ya kusugulia sufuria niliyoiomba jikoni. Yalitoka yaking'aa hadi unaweza kusukia nywele mbele yake. Nikayapanga mezani, nikasimama kando nikingoja.

Papa Mathe akaja, akachukua koleo moja, akaligeuza dirishani.

"Nani alikwangula hizi?"

"Ni miye, papa."

"Umezichuna ngozi."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakutania. Alinivuta kiti nikae, jambo ambalo hakulifanya tena mpaka anastaafu.

"Chuma iko na ngozi, mama. Iko nyembamba, macho hapana kuiona. Hii chuma banaita inox, nguvu yake yote iko mu ile ngozi. Ukiikwangula kidogo, inajirudishia yenyewe na hewa. Lakini ukiitia mu javel, mu chumvi, ukiiacha na maji mu vitundu, ngozi inashindwa. Inatoboka pale pale padogo. Na kutu haianze inje. Inaanza mu kitundu chenye hapana kuona."

Baada ya juma moja makoleo yangu yaliota madoadoa ya rangi ya chai kwenye maungio. Papa Mathe aliyaona. Aliyaweka tu mbele ya mahali nilipokuwa nakula mkate, nikashiba mapema siku hiyo.

Basi kama mnataka jambo la mkono, lichukueni hapa. Damu isikauke kwenye chombo. Javel ni ya sakafu na matapishi, haikai na chuma cha kuingia mwilini. Suuza kwa maji yaliyochemshwa, kausha mpaka ndani ya maungio, na usipake kitu ili king'ae. Pitisha ukucha wako juu yake polepole. Macho hudanganywa na mwanga, ukucha haudanganywi. Ukucha ukikwama, hicho si chombo tena, hata kama kimetoka Ulaya jana.

Jina lenyewe limetuponza. Inox, kisichoshika kutu. Wauza sufuria wa soko la Butembo wanalipiga kelele, na watu wanalileta jina hilo hilo hospitalini. Lakini sufuria inaoshwa na kuanikwa. Bamba lililofungwa kwenye mfupa limelala kwenye maji ya chumvi usiku na mchana, maana mwili wa mtu ni chumvi, onjeni jasho lenu. Na mtu hatulii. Anapanda kilima, anabeba kuni, anasali kwa magoti, na kila anaposogea, kichwa cha skurubu kinasuguana na tundu la bamba. Hapo ngozi inakwanguliwa, inajirudishia, inakwanguliwa tena. Kile kinachokwanguliwa kinakwenda wapi? Hakina mlango wa kutokea. Kinabaki kwenye nyama. Nimeona madaktari wakifungua paja la mtu aliyekuwa anatembea vizuri kabisa, na nyama iliyozunguka bamba ikawa nyeusi kama masizi ya chini ya chungu. Kwa walio wengi haliwi jambo kubwa. Bamba linatolewa, nyama inasafishwa, mtu anarudi shambani. Ndiyo sababu wanaambiwa warudi.

Wagonjwa wenyewe walikuwa na hofu zao, na hazikuwa hizo. Tulikuwa na shemasi mmoja mwenye bamba mguuni ambaye alikuwa hakai karibu na dirisha mawingu yakikusanyika. Alisema radi ya Butembo inajua chuma kilipo. Mvua ikianza anahubiri akiwa amesimama nyuma ya kabati, na waumini wanasikia sauti tu. Wakati wa vita wakaja askari wenye hofu ya namna nyingine. Mmoja, mtoto mdogo tu mwenye silaha kubwa, alinishika mkono akaniambia kwa Lingala, "Mama, tyela ngai ebende, nakokufa te." Alikuwa anaomba tumtie chuma ili asife. Hakuwa amevunjika popote. Nilimpa chai, akalala.

Sasa nisogee kwenye lile ninalotaka kulisema, maana naona nalizunguka.

Kwetu ilikuwa desturi: bamba likitolewa mwilini, mgonjwa anakabidhiwa. Tunaliosha, tunalikunja kwenye kitambaa, tunampa mkononi mbele ya ndugu zake. Desturi hiyo tuliianza sisi wenyewe wa bloc. Watu walikuwa wananung'unika kwamba tunawapasua na kuwafunga bila kutoa kitu, au kwamba tunauza vitu vyao, kwa hiyo tukasema waone kwa macho na waende nacho. Ilikuwa heshima. Watu walifurahi, wakapiga makofi kitandani. Wengine walilitundika ukutani kando ya kalenda ya parokia.

Mzee Katembo wa Kirumba alikuwa mmoja wao. Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe. Lori lake lilipinduka katika ile barabara ya kwenda kusini, kabla vita havijaanza, wakati mabamba yalikuwa bado yanafika. Alifungwa bamba pajani, akapona, akarudi kwa wakati alioambiwa, likatolewa. Nilimkabidhi mimi. Alilishika kwa mikono miwili, akalipima uzito, akamwambia binti yake Masika aliyekuja kumhudumia:

"Ona, mutoto wangu. Hii njo ilinirudisha ku soko. Tutaichunga. Kitu yenye ilisaidia baba, itasaidia batoto."

Sote tulicheka. Lilikuwa neno zuri, neno la kwetu kabisa. Mnande, mtu wa kabila letu, hatupi kitu. Shamba linarithiwa, jembe linarithiwa, koti la arusi linazunguka ndugu wote mpaka mikono inaisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri Mzee Katembo anamaanisha analolisema. Ningejua, ningelipinda bamba lile mbele yake siku ile ile na kumpa limekunjika. Kupinda kwenyewe ni kazi ya dakika moja kwa makoleo mawili.

Vita vikaja, vikaondoka, vikarudi na majina mengine. Sitawasimulia nani alimpiga nani, maana hata sisi tulichanganyikiwa. Kundi lililolala mjini silo lililoamka. Kilichotugusa bloc ni kwamba vitu vilikoma kufika. Ndege zilizotua Mavivi, pale Beni, zilikuwa na mizigo mingine. Mfupa wa paja ukivunjika na huna bamba, kuna njia ya zamani: unamlaza mtu chali, unafunga kamba mguuni, unaipitisha kwenye kijigurudumu mwisho wa kitanda, unaning'iniza mfuko wa mchanga unaovuta mfupa unyooke. Ni njia nzuri. Haina chuma cha kubaki mwilini. Lakini mtu anafungwa pale majuma mengi, haendi hata chooni.

Na vita vinataka miguu. Asubuhi moja milio ilianza upande wa juu wa mji, na wodi ikamwagika. Mama mwenye mshono wa jana alitoka na mtoto mgongoni. Waliobaki ni wale wa kamba. Mpaka leo naona vile walivyotutazama, hawapigi kelele hata kidogo, wanageuza tu vichwa kila mtu anapopita mlangoni. Papa Mathe hakukimbia. Alikaa kitandani kwa mmoja wao akaanza wimbo, na mimi nikakaa kwa mwingine. Waliopita nje walipita. Lakini tangu siku ile hakuna ndugu wa mgonjwa aliyekubali kusikia habari ya kamba.

Katika hali hiyo Masika aliletwa. Alikuwa ameolewa Beni, ana kakao kidogo na mtoto mmoja. Alikimbia na watu wengine, pikipiki aliyopakiwa ikatumbukia kwenye mtaro, paja likavunjika. Kutoka Beni alibebwa na gari la mizigo, na mwendo wa mwisho kuja hospitali alikuja juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea viazi, ameuma kitambaa ili asilie. Baba yake alitoka Kirumba kwa miguu. Mzee Katembo alipoingia hakusalimia. Alifungua kifurushi juu ya kitanda cha binti yake.

"Docta, bamba iko. Chuma ya mugulu yangu. Nimeichunga vizuri, nilikuwa naipakaa mafuta."

Docta wetu alikuwa kijana, mtu mwema, amechoka. Alimtazama Papa Mathe. Papa Mathe akalipeleka bamba dirishani, akapitisha ukucha. Akarudia. Nilimwona anaurudisha mahali pale pale, kando ya tundu la katikati.

"Ukucha inashika," alisema. "Docta, hii ilishafanya kazi yake. Chuma yenye ilichoka mu mutu mumoja, hapana kupumuzikia mu mutu wa pili."

"Tumufunge kamba, basi," Docta alisema.

Masika akainuka kwa viwiko.

"Docta, miye niko na mutoto. Bakikuya na bunduki, nitakimbia na kitanda?"

Mzee Katembo akanigeukia mimi, labda kwa sababu mimi ndiye niliyemkabidhi. "Mama Kavira, si hii ni inox? Si wewe ulisema haishike kutu?"

Nilikuwa nimesema. Sote tulikuwa tunasema, ilikuwa njia ya kuwatuliza watu. Nikamwambia Docta kwamba kama ni mimi, ningetaka kusimama. Sijaja hapa kuungama, na sitaki mtu aniambie pole. Niliyasema nikijua, na Papa Mathe alikuwa sahihi, na Masika naye alikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba siwezi hata leo kuwaambia ni nani kati yao alipaswa kusikilizwa.

Docta alikubali. Skurubu za Mzee Katembo, alizokabidhiwa pamoja na bamba, hazikutosha, nyingine vichwa vyake vilikuwa vimeliwa na bisibisi, kwa hiyo tukajazia kutoka kwenye kopo la skurubu za msaada za kila aina. Hatukujua zimetengenezwa na nani. Moja ilikuwa nyepesi mkononi kuliko nyingine. Papa Mathe alizichemsha zote bila kuimba. Vyuma vya aina mbili vikilala pamoja kwenye chumvi, kilicho dhaifu kinaliwa, hilo alishanifundisha, na alijua kwamba najua.

Na Masika akasimama. Sikilizeni vizuri hapa, msiniambie baadaye kwamba nimewasimulia ubaya tu. Alisimama akatembea, na milio iliporudi akashuka ngazi za wodi na mkongojo, mtoto amefungwa mgongoni kwa mama mwingine, akafika msituni na akalala huko na watu. Mzee Katembo alikuja kutushukuru na debe la maharagwe. Tulimwambia Masika arudi mwaka mmoja na nusu ukipita, bamba litolewe. Tulimwambia mara nyingi, na baba yake akasema atamleta mwenyewe.

Mzee Katembo hakumleta. Homa ilimkamata kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, karibu na Kirumba, akafia huko, akazikwa na watu wasiomjua vizuri. Masika hakufika mazikoni. Barabara ya Beni na Butembo ilikuwa na vizuizi vya kila bendera, na kila kizuizi kina njaa yake.

Mimi ndiye niliyekwenda Beni, miezi mingi baadaye, kusaidia bloc ya huko iliyobaki bila mtu. Nikamkuta Masika anaanika kakao juu ya turubai uani kwake. Tulikumbatiana, tukamlilia baba yake. Beni ni joto, alikuwa amevaa kitenge kimepanda magotini, nikaona anajikuna paja. Ngozi ya hapo ilikuwa na vipele, na chini yake kulikuwa na kivuli cha rangi ya moshi.

"Tangu lini?"

"Inakulaka tu, mama. Jua ikiwaka inakula, mvua ikinyesha inauma. Ni vile tu ya chuma."

"Si vile tu. Ukuye Butembo, tuitoshe inje."

Alichukua kakao mkononi, akaichuja kati ya vidole. "Mama Kavira, nitapita wapi? Ku Beni hapana docta wa kuitosha inje. Na tena..." Akasita. "Ni ya baba. Nikiwa nayo, ni sawa yeye njo ananishika mugulu."

Ningeweza kumwambia kwamba kile kivuli ni chuma chenyewe kinachotoka kwenye bamba na kuingia katika nyama yake, kwamba mwasho ni mwili unaokataa. Nilimpa dawa ya kupaka. Jamani, dawa ya kupaka! Mgonjwa mwenye chuma ndani akikuambia panawasha, usimtazame ngozi. Mtafute aliye tayari kumpasua, na kama hayupo, mtafutie njia ya kumfikia hata kwa chukudu. Nyinyi mna simu, mna picha, mna magari yanayofika. Hamna sababu ya kutoa dawa ya kupaka.

Alipofika Butembo hatimaye, alikuwa anabebwa. Paja lilikuwa limefungua kitundu kinachotoa maji ya rangi ya chai, na anapokanyaga anasikia kitu kinalia ndani. Papa Mathe alikuwa amestaafu na macho yake hayakuona vizuri tena. Mimi ndiye niliyesimama mezani. Docta alifungua. Ilikuwa nyeusi mpaka kwenye mfupa. Alikuwa anafuta, anafuta, na weusi haufutiki, kwa sababu haukuwa juu ya nyama, ulikuwa ndani yake. Skurubu moja ilitoka bila kuzungushwa. Vichwa vya nyingine vilikuwa vimeliwa kama sukari guru iliyolowana. Bamba lenyewe lilikuwa na ufa kutoka kwenye tundu la katikati, ufa mwembamba kama unywele, umebakiza upande mmoja tu.

Mguu haukukatwa. Docta alipigana kwa mikono yote miwili, akatoa nyama iliyokufa, na mfupa ulikuwa umeshikana, ingawa umepinda. Masika aliamka na mguu mfupi kuliko mwenzake na paja lenye bonde ambamo unaweza kulaza ngumi. Jambo la kwanza aliloomba ni bamba.

Sasa mnielewe. Mdogo wake, Muhindo, alikuwa amelala wodi ya wanaume, hospitali hiyo hiyo. Alipigwa risasi ya paja akiwa anavusha mizigo upande wa kusini. Alikuwa kwenye kamba na mfuko wa mchanga, kwa kuwa hatukuwa na bamba. Na habari zilikuwa zinafika kila siku kwamba wapiganaji wanapanda kutoka kusini. Muhindo aliposikia kwamba dada yake ametolewa chuma, alituma mtu, halafu akatuma mwingine, mwishoni tukamsukuma Masika kwa kiti cha magurudumu mpaka kando ya kitanda chake, kifurushi mapajani.

"Dada, unipatie," Muhindo alisema. "Wewe ilikutembeza. Ulikimbia nayo. Miye vile vile."

"Muhindo, ona mugulu yangu."

"Naona. Lakini uko muzima! Sisi ba kamba, bakikuya, tutabakia bazima? Baba alisema itasaidia batoto. Hakusema mutoto mumoja."

Masika akanitazama. Nilijua nikilinyakua bamba, atafikiri ninamwibia baba yake, na Muhindo atafikiri ninamfunga ili auawe. Nikafanya kile Papa Mathe angefanya. Nilichukua mkono wa Masika, nikaupitisha ukucha wake mwenyewe juu ya chuma, polepole, mpaka ulipokwama.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni pale ngozi yake ilitoboka. Ile yenye ilitoka hapo iko mu nyama yako. Haijatoka yote."

Alirudia kukwamisha ukucha. Halafu akaomba atolewe nje, mpaka mlangoni, mahali mafundi walipokuwa wameacha matofali. Akaomba nyundo yao. Mimi nilidhani hataweza, alikuwa hana nguvu hata ya kushika kikombe. Alilaza bamba juu ya matofali mawili akiwa ameinama kutoka kwenye kiti, akapiga mara moja tu, pigo la mtu anayepasua karanga.

Likavunjika. Halikupinda, halikuruka, lilivunjika vipande viwili bila hata sauti ya maana. Muhindo, aliyekuwa anaona kila kitu kupitia mlango, akatoa kilio, kisha akageukia ukutani kadiri kamba ilivyomruhusu. Masika aliokota vipande, akaviangalia pale vilipoachana, ndani kweusi, pembeni tu panang'aa.

"Kumbe hii njo ilikuwa inanisimamisha," alisema.

Muhindo alibaki kwenye kamba mpaka mfupa wake ukashika. Waliokuwa wanapanda hawakufika kitandani pake. Ilikuwa bahati, msiandike popote kwamba ilikuwa hekima yetu. Wangefika, leo ningekuwa nawaandikia barua nyingine, au nisingeandika kabisa. Desturi ya kukabidhi mabamba tuliendelea nayo, ila yakiwa yamepindwa, na aliyeuliza kwa nini aliambiwa. Najua kwamba nyinyi mmeacha hata hilo.

Masika anauza kakao tena. Siku za baridi analazimika kukaa, maana hata bila bamba paja lina kitu ambacho hatukuweza kukitoa. Tukikutana sokoni ananisalimia mbele ya watu, ananishika mkono kwa mikono yake miwili, anasema, "Wasingya, mama," ahsante, anawaambia wenzake, "Huyu njo alinipatia mugulu, nikakimbia na mutoto wangu." Mtoto mwenyewe ni mwanamume mzima sasa, amesimama hapo kando na gunia begani. Na mimi naitikia ahsante yake, kila mara, kwa sababu sijapata neno lingine la kumjibu.